Mstari wa Butoyi

Sili siagi ya karanga. Ofisini wanadhani nina mzio, nami nimewaacha wadhani hivyo kwa sababu mzio hauulizwi maswali. Wiki iliyopita dada mmoja mgeni, ambaye hajaambiwa, alifungua kopo lake kwenye meza ya jirani akaanza kupaka mkate. Ile harufu ya karanga zilizosagwa pamoja na maziwa na sukari ikanifikia nilipokaa. Nilitoka nje nikasimama kwenye maegesho ya magari, simu mkononi, kama mtu anayetafuta mtandao. Mambo haya nilidhani niliyaacha mtaani kwetu Buzebazeba, kwenye nyumba yetu ya matofali ya kuchoma ambayo ukisimama nyuma ya choo unaliona ziwa. Kumbe miaka yote hii nimetembea nayo.

Kazi yangu, ili mnielewe, ni ya michoro na takwimu. Kila Jumatatu kuna mtu anasimama mbele ya ukuta na kutuonyesha mstari unaopanda, na wenzangu wanafurahi. Mimi nauliza: kilichoongezeka hapo ni nini hasa? Wananitania kwamba nina mkosi, kwamba hata harusini ningeuliza swali hilo. Nacheka nao. Pale ofisini sijawahi kumweleza mtu yeyote ni wapi nilikojifunza kuuliza.

Nilikuwa darasa la sita tulipofika kwenye uwiano. Ninyi wa rika langu mnaikumbuka Hisabati ya wakati ule: ubao uliopauka, kitabu kimoja watu watatu, na yule wa katikati ndiye anayefunua kurasa. Mwalimu wetu tulimwita Mwalimu Rula kwa sababu ya rula ndefu ya mbao aliyotembea nayo, ambayo ilikuwa na kazi mbili na moja kati ya hizo haikuwa Hisabati. Siku hiyo alichora jedwali. Juu akaandika ndoo za chikichi, chini chupa za mawese. Ndoo moja chupa mbili, ndoo mbili chupa nne, ndoo tatu chupa sita. Kisha akachora mihimili, akaweka nukta zake, akalaza rula juu yake na kuvuta mstari. Ukapita kwenye nukta zote bila kuiruka hata moja, ukashuka mpaka kwenye kona penye sifuri.

"Chikichi sifuri, mawese sifuri," alisema. "Huu ndio uwiano wa moja kwa moja. Hiki kikiongezeka mara mbili, na kile kinaongezeka mara mbili. Ukishaupata mstari, unazijua nukta zote, hata zile ambazo hazijatokea."

Maneno hayo ya mwisho yalinishika. Mama yangu aliuza mawese kwa chupa pale sokoni na hakuwahi kujua kama kesho atauza au atarudi nayo. Baba alikuwa fundi wa injini za boti, na akishuka vijiji vya kusini mwa ziwa hatukujua atarudi lini. Kwetu hakuna mtu aliyewahi kujua jambo ambalo halijatokea. Sasa hapa kulikuwa na mwanaume mzima, mwenye koti linalochanika kwapani, anasema inawezekana, na chombo chenyewe ni rula. Nilimpenda Mwalimu Rula siku ile kwa moyo wangu wote.

Mwaka huohuo Mama alikuwa amejifungua mapacha. Kwetu mapacha hawatafutiwi majina, wanakuja nayo: aliyetangulia ni Bukuru na aliyefuata ni Butoyi, basi. Bibi mzaa mama aliteremka kutoka Manyovu kuja kumsaidia Mama, na alipoingia mlangoni aliingia na sheria zake. Mapacha hawabaguliwi. Kinachoingia kinywani mwa mmoja kinaingia kinywani mwa mwingine, kwa kipimo kilekile, saa ileile. Shangazi mmoja aliyeleta kofia moja ya sufu alirudishwa nayo mlangoni, akaambiwa aje akiwa na mbili. Bukuru akichomwa sindano, Bibi alimfinya Butoyi pajani, kidogo tu, ili naye alie. Tulicheka sana siku ya kwanza. Bibi hakucheka.

"Amahasa hawa," alituambia, ndivyo Kiha kinavyowaita mapacha, "wamekuja wameshikana. Ukimpa mmoja ukamnyima mwenzie, yule aliyenyimwa anakasirika. Anakasirika, anarudi alikotoka. Na akirudi huyo, huyu naye anamfuata. Mnaelewa?"

Mama alisema anaelewa. Mama alikuwa mtu wa kunyamaza mbele ya mama yake, na kule kunyamaza kulihesabika kuwa kukubali.

Tatizo ni kwamba wao wenyewe hawakuwa sawa. Bukuru alinenepa. Alikuwa na mikunjo mapajani ambamo poda ilipotelea, na alinyonya kwa kelele. Butoyi alibaki mdogo. Alikuwa na macho makubwa yaliyokutazama kwa subira, kama mtu aliye kwenye foleni, na akinyonya alitoka jasho. Hilo nalikumbuka vizuri kwa sababu mimi ndiye niliyemfuta: paji lake la uso lililowa, nywele zikalala, akaachia titi akapumzika akihema, kisha akarudia tena. "Anafanya kazi huyu," Bibi alisema kwa fahari. Sote tuliona ni bidii.

Siku za kliniki nilipewa ruhusa shuleni ili nimbebe mmoja. Tulipita Katubuka kwa miguu, Mama na Bukuru mgongoni, mimi na Butoyi, na kwa uzito wao mtaona ni nani aliyepewa kazi nyepesi. Pale kliniki watoto walivishwa suruali ya kitambaa yenye mikanda mirefu, wakaning'inizwa kwenye mizani iliyofungwa kwenye dari. Wengi walilia. Butoyi alining'inia kimya, miguu chini, akimtazama nesi. Nesi alisoma mshale, akaichukua kadi na kuweka nukta.

Ni kadi hiyo iliyoniteka. Ilikuwa na mchoro! Chini miezi, pembeni kilo, na katikati rangi tatu zinazopanda pamoja, kijani juu, kijivu, kisha nyekundu chini. Nukta za Bukuru zilitembea ndani ya kijani. Za Butoyi zilianza kwenye kijivu, zikaingia nyekundu na kubaki humo. Nikajiona msomi. Nilielewa, au nilidhani nimeelewa, kwamba hii ni ileile ya chikichi na mawese: miezi ikiongezeka, kilo zinaongezeka, na mahali fulani kuna mstari wa Butoyi ambao mtu mwenye rula anaweza kuuona. Kitu kimoja tu kilinikera. Ile mistari iliyochapwa kwenye kadi haikunyooka. Ilianza kwa kupanda kwa kasi, halafu ikalala taratibu. Niliamini kabisa kwamba aliyechapa kadi zile mkono ulimtetemeka.

Nilimpelekea Mwalimu Rula suala hili wakati wa mapumziko, kwa heshima zote.

"Shikamoo mwalimu. Kadi ya kliniki imekosewa."

"Marahaba. Imekosewa nini?"

Nilimweleza. Alisikiliza akila muhogo wa kuchoma.

"Mtoto akizaliwa," aliniuliza, "ana kilo sifuri?"

"Hapana, mwalimu. Wetu walikuwa na kilo mbili na kitu."

"Basi mstari haupiti kwenye sifuri. Kama haupiti kwenye sifuri, si uwiano wa moja kwa moja. Anakuja na chake kabla hamjaanza kumpima. Nenda kacheze."

Sikwenda kucheza. Nilikaa kwenye ngazi za darasa nikifikiri, na nilipata jibu ambalo hadi leo naliona lilikuwa la akili kwa mtoto wa umri ule. Kama uzito wenyewe haupiti kwenye sifuri, nitaacha uzito nipime nyongeza. Nilichohitaji ni kitu cha kuweka upande wa pili, na kitu hicho nesi alitupa wiki ileile.

Vilikuwa vipakiti vya karatasi inayong'aa, ndani yake karanga zilizosagwa na maziwa, laini, tamu mno. Nesi alimpa Mama furushi zima na kumkazia macho. "Hii ni dawa, mama. Si chakula cha familia. Ni ya huyu mdogo peke yake, asubuhi kimoja, jioni kimoja. Huyu mkubwa asionje. Kila wiki unakuja nampima." Mama aliitikia. Njia nzima ya kurudi alikuwa akipunguza mwendo, na mimi nilijua anachokiogopa.

Bibi alikikata kipakiti cha kwanza kwenye kona, akakikamua juu ya visahani viwili. Alipima kwa jicho, akaongeza huku, akapunguza kule, mpaka visahani vikalingana. Mama alisema, kwa sauti ndogo, kwamba nesi amesema ni dawa ya Butoyi. Bibi hakugombana. Aliuliza tu kama huyo nesi amewahi kulea amahasa, halafu akampakata Bukuru na kijiko.

Hivyo Butoyi alikula nusu. Kipakiti kimoja kwa siku, badala ya viwili. Nilichora jedwali langu nyuma ya daftari la Jiografia: vipakiti vilivyoingia tumboni mwa Butoyi, na gramu alizoongeza. Wiki ya kwanza saba, gramu mia. Wiki ya pili, ukijumlisha, kumi na vinne, gramu mia mbili. Nukta mbili na sifuri, na rula yangu iliyovunjika ncha ililala juu ya zote tatu pasipo ubishi. Kipakiti sifuri, gramu sifuri. Nilipiga kelele peke yangu chumbani. Nilikuwa nimeupata.

Nesi hakufurahi kama mimi. "Anapanda polepole sana," alimwambia Mama. "Anakula vyote viwili?"

"Anakula," Mama alisema, akitazama sakafu.

Nilipomwona Mama anadanganya kwa ajili ya mama yake, na Butoyi ananing'inia pale na mbavu zake zote zinahesabika, nilipandwa na hasira. Jioni ile nilimfuata Bibi jikoni nyuma ya nyumba akisonga ugali wa muhogo, nikamfungulia daftari mbele ya moshi. Bibi hakujua kusoma. Nilimweleza kama nilivyoelezwa, kwa chikichi na mawese, na hapo hakuhitaji kuelezwa mara mbili, kwa sababu alikuwa amekamua mawese maisha yake yote. Nikamwonyesha kwamba kila kipakiti ni hatua moja kwenye mstari. Sasa hivi Butoyi anapiga hatua moja kwa siku. Akipewa vyote, anapiga mbili. Kwa hatua moja, hafiki kwenye kijani mpaka mvua zote ziishe. Kwa mbili, anafika kabla.

Bibi aliishika ile karatasi kwa ncha za vidole, akaigeuza, akairudisha.

"Mke mwenzangu," aliniambia, ndivyo alivyoniita, "Bukuru yuko wapi humu?"

"Hayumo, Bibi. Hii ni ya Butoyi."

"Hayumo?"

"Yeye ni mnene. Hana haja ya kuwemo."

"Umechora nyumba ya mtoto mmoja," Bibi alisema. Akanirudishia daftari, akaendelea kusonga ugali.

Nililia. Sikulia kwa adabu, nililia kwa kelele, nikamwambia kwamba Butoyi atakufa na ni yeye atakayemuua. Mtoto wa kwetu hamwambii bibi yake maneno kama hayo. Mama alitoka ndani mbio. Nilitegemea kofi na nililistahili, lakini Mama alisimama mlangoni akasema, "Mama, nakuomba." Ni hayo tu. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kumwomba mama yake kitu ambacho kilikuwa kimeshakataliwa.

Kesho yake asubuhi Bibi alifanya jambo ambalo sijaliona kwa mtu mwingine. Aliwaogesha mapacha wote wawili, akawavisha nguo zinazofanana, akatandika mkeka uani. Akamkalisha Bukuru mbele yake, akimwegemeza kwa mto, na yeye mwenyewe akakaa chini, miguu kainyoosha, akaanza kuzungumza naye kama unavyozungumza na mtu mzima uliyemkosea. Alisema naye kwa Kiha, pole pole, na mimi nilishika hapa na pale. Alimwambia kuwa mwenzake hana nguvu. Alimwomba amwachie kile chakula kwa muda. Alimwambia asikasirike, hakuna aliyemkataa, Imana, yaani Mungu, inaona. Akamwahidi kwamba mwenzake akishapona watakula sawa mpaka uzee. Bukuru alimsikiliza akinyonya ngumi. Mwishoni alicheka, na Bibi akafumba macho kwa muda mrefu.

"Ego, ndiyo," akasema. "Amekubali."

Kuanzia siku hiyo Butoyi alikula vipakiti viwili, na Bukuru alipewa kile kitupu akichezee. Nilisimamia zoezi hilo kama askari wa forodhani. Wiki ya kwanza Butoyi aliongeza gramu mia mbili. Wiki iliyofuata, mia mbili nyingine. Kila nukta ilitua mahali ambapo rula yangu ilikuwa imeshapita. Siwezi kuwaeleza furaha ile. Hakuna mshahara wala cheti kilichowahi kunipa furaha ya namna ile. Niliurefusha mstari kwa penseli mpaka ukurasa ukaisha, nikagundisha ukurasa mwingine kwa uji, nikamwambia Mama siku ambayo Butoyi atavuka kijivu na kuingia kijani. Mama alianza kuimba tena akifua. Bibi alimwita jirani aje aone kidole changu kinapopita kwenye karatasi, akasema, "Mwanangu anasoma mambo yanayokuja." Wiki zile tulikuwa na tumaini ndani ya nyumba, na nalikumbuka kwa uchungu zaidi kuliko msiba wenyewe.

Wiki iliyofuata Butoyi hakuongeza kitu. Vipakiti vilikwisha vyote, mimi ndiye niliyevisimamia, na mshale wa mizani ulisimama palepale uliposimama mara ya mwisho. Nukta yangu ikakaa chini ya mstari. Niliwaza kwamba mizani imechoka, watoto wanaoning'inizwa pale ni wengi. Kuanzia hapo Butoyi akawa anaacha kipakiti katikati. Alikilamba kidogo, akahema, akageuza uso. Bibi alikaa naye nusu ya siku, tone kwa tone kwenye ncha ya kidole. Msiniulize alikipata wapi kiuno cha kukaa vile.

Halafu, siku mbili tatu kabla ya kupimwa, Butoyi alinenepa. Mashavu yalijaa. Kope zilijaa mpaka yale macho makubwa yakawa madogo kama ya Bukuru. Miguu, ile miguu iliyokuwa vijiti, ilikuwa ya mviringo, na ngozi imekazana inang'aa. Mama alimbusu nyayo. Jirani alisema, "Kumbe! Sasa wamekuwa mapacha kweli." Tulikwenda kliniki tukiwa tumevaa vizuri, hata Bibi alikuja siku hiyo, na kanga mpya, ili aone kwa macho yake.

Butoyi alining'inizwa. Nilikuwa na daftari mkononi na nilikuwa nimeshaweka kidole mahali ambapo nukta ilitakiwa iwe. Nesi alisoma mshale kwa sauti. Nilihesabu. Nikahesabu tena. Nukta ilikuwa imerudi kwenye mstari, juu yake kabisa, kana kwamba ile wiki mbaya haikuwepo.

"Imelingana!" nilisema, nikimwonyesha nesi daftari langu. "Nesi, angalia, imelingana!"

Nesi hakuangalia daftari. Alikuwa anamwangalia Butoyi. Alimshika mguu, akaliweka dole gumba juu ya unyayo, akabonyeza kidogo, akasubiri. Alipoliondoa, shimo lilibaki pale, kina cha dole lake, na halikurudi. Akabonyeza mguu wa pili. Shimo jingine.

"Haya ni maji, mama," alisema taratibu. "Huku siyo kunenepa. Huyu mtoto amejaa maji."

Nikiwa na kidole kwenye daftari nilitazama yale mashimo mawili. Nukta bado ilikuwa kwenye mstari. Hilo ndilo nililoshindwa kulielewa siku ile na kwa siku nyingi baadaye: kwamba namba ilikuwa sahihi, mshale haukudanganya, rula haikupinda, na bado kilichokuwa kinaongezeka ndani ya mdogo wangu kilikuwa kinamuua.

Walitupeleka hospitali ya mkoa siku hiyohiyo. Daktari alimwekea chombo kifuani, akasikiliza muda mrefu, akauliza kama alikuwa akitoka jasho anaponyonya. Mama na Bibi walitazamana. Daktari alieleza kwamba moyo wa Butoyi una tundu, amezaliwa nalo, na kwamba umekuwa ukifanya kazi kupita nguvu zake tangu siku ya kwanza. Alisema kuna mahali wanaweza kuliziba, mbali, na kwanza apate nguvu za kusafiri. Hakuzipata. Alifariki asubuhi moja Mama akiwa amekwenda kuchota maji ya moto, mikononi mwa Bibi, akitazama dirisha. Baba alifika baada ya mazishi, kwa boti, nguo zake zikinuka petroli, akakaa uani bila kuvua viatu.

Mama alimuuliza daktari, kabla hatujaondoka hospitalini, kama chakula kingebadilisha kitu. Kama angekula vyote tangu mwanzo. Daktari alisema hapana. Alisema kwa upole na kwa uhakika, na haikusaidia lolote. Mama aliamini hadi alipokuja kuzeeka kwamba zile wiki za visahani viwili ndizo zilizomwondoa mtoto wake. Bibi aliamini kwamba ni kumtenga na mwenzake, kwamba Bukuru alikasirika hata kama alicheka. Walikaa nyumba moja, wakala sahani moja, na kila mmoja alijua mwenzake anaamini nini, na hawakuwahi kuligusa. Mimi nilikuwa na neno la Mwalimu Rula, kwamba anakuja na chake kabla hamjaanza kumpima. Nilijaribu kumwambia Mama. Aliniambia niende nikafue.

Bibi alirudi Manyovu mapema kuliko ilivyotarajiwa. Alimuaga Bukuru kwa mbali, kutoka mlangoni, hakumshika.

Mwezi uliofuata tulikwenda kliniki, Mama, Bukuru na mimi. Mama alichukua kadi zote mbili. Zilikuwa ndani ya mfuko mmoja wa plastiki, na nadhani hakuwa na moyo wa kuzitenganisha. Nesi wetu hakuwepo. Nafasi yake alikuwa ameishika msichana mgeni, mwenye haraka, na foleni ilikuwa imefika nje ya ua. Alizipokea zile kadi bila kuinua kichwa.

"Mama mapacha, mpandishe wa kwanza."

Mama akamning'iniza Bukuru. Nesi akasoma, akaandika, akaweka nukta.

"Haya, mtoe. Lete wa pili."

Nilifungua mdomo. Mama alinitazama, nikaufunga. Akamtoa Bukuru, akamkumbatia, akaenda naye hadi ukutani akasimama kidogo akiwa ametupa mgongo, kama anayemfunga kifungo. Kisha akageuka, akarudi, akamvisha ile suruali na kumning'iniza tena. Bukuru alicheka, alidhani ni mchezo.

Nesi alisoma mshale. Akaivuta kadi ya Butoyi, na peni yake ikapanda kutoka kwenye nyekundu, ikavuka kijivu, ikatua.

"Huyu wa pili naona huko nyuma alikuwa chini sana," alisema, akiandika. "Lakini ameingia kijani, amemfikia mwenzake. Hongera, mama. Endelea hivyohivyo unavyomlisha."

"Asante, nesi," Mama alisema, akazipokea kadi zote mbili.